Kapu la Baba Halikaguliwi

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika Kaitavesi saa nane mchana. Ziwa limetulia. Maji nyuzi joto kumi na mbili. Mbu wengi.

Niandike kwanza kwa nini naandika. Ilpo, mdogo wangu, anaamini akili ya Baba inapotea. Majira ya baridi yaliyopita alikutana naye sokoni Kajaani, Baba akampita kama nguzo. Nyumbani kwa Ilpo alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote bila kukunja uso. Gari ameliacha tangu mwaka jana, eti linanuka petroli. Ana miaka themanini na mitatu, na kila mwaka kuanzia Mei hadi Septemba anakaa huku ziwani peke yake. Ilpo anataka huu uwe msimu wa mwisho, kisha nyumba ifungwe, kwa kuwa hakuna kati yetu anayeweza kukaa naye. Ila hataki kuamua kwa kukisia.

"Dada, umeandika kumbukumbu za mahakama miaka thelathini na minne," aliniambia kwenye simu. "Kaa naye msimu mmoja. Andika unachokiona, usitie maoni yako. Mwisho wa Agosti tutasoma, tuamue."

Nimestaafu tangu Machi, sikuwa na udhuru. Ziwa hili sikulipenda hata utotoni. Kuanzia leo hadi tarehe 30 Agosti ni siku themanini na mbili. Nimezihesabu.

Baba alikuwa gatini, mgongo kwangu. Hakugeuka mpaka nilipobamiza mlango wa gari.

"Aila," alisema. "Umechelewa."

Sikuwa nimechelewa. Nimeandika.

Jumanne, 10 Juni

Ameamka saa kumi na moja alfajiri. Anapomimina kahawa anatumbukiza kidole ndani ya kikombe. Si uchafu tu, ni kila mara.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempima bila yeye kujua. Nilijidai nimesahau majina ya walimu wetu wa shule ya msingi. Ameyataja yote, na mbwa wa mwalimu mkuu juu. Kisha akaniuliza kwa nini nataka kujua habari za watu waliokufa. Nikasema basi tu.

Jambo jingine, na hili si maoni, ni jambo la kuonekana kwa macho: hanitazami usoni. Anaongea na sikio langu. Imekuwa hivyo tangu Mama alipofariki, miaka mitatu sasa. Siku ile walinipigia simu nikiwa kazini, kesi ikiendelea, nami nikasubiri mapumziko ndipo nikaondoka. Nilifika hospitali dakika arobaini baada ya kila kitu kwisha. Baba alinitazama begani, akaanza kukunja koti la Mama.

Jumamosi, 14 Juni

Ilpo na mkewe Marjut wamekuja na keki. Ilpo ni fundi wa lifti, mtu mkubwa asiyeogopa kuning'inia ghorofa ya kumi na mbili. Alinivuta kando ya banda la kuni.

"Sitasubiri Agosti. Namdokezea leo leo," alisema. "Saunani. Mle ndani hawezi kunifokea."

Ni kweli. Kwetu saunani, kwenye chumba cha mvuke, hakuna ugomvi, hata watu wasioongea mwaka mzima humo huongea kwa upole. Wakaingia. Marjut na mimi tukakaa barazani tukisikia maji yakimwagwa kwenye mawe, kata baada ya kata, mvuke ukilia. Saa nzima na nusu. Wakatoka wamewiva, wakajitupa ziwani, wakarudi wakihema.

"Umemwambia?" nilimuuliza Ilpo.

"Hapakuwa na nafasi."

"Mlikuwa wawili, uchi, saa nzima na nusu. Ulitaka nafasi gani?"

"Tuliongea habari za kuni."

Marjut alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, wanaume wa ukoo wenu ukiwafungia humo mpaka Krismasi, watatoka wamezungumza kuni na kuvu wa kuni."

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Maji nyuzi kumi na nne.

Jumamosi, 21 Juni

Juhannus. Sikukuu ya katikati ya kiangazi. Matawi ya mbetula mlangoni, viazi vipya na siagi, dagaa wa ziwani waliokaangwa mpaka mifupa ikawa biskuti. Baba aliwasha moto mkubwa ufukweni kwa njiti moja. Marjut alitaka tuimbe, tukamwachia aimbe yeye.

Ilpo alikaa saunani na Baba mara mbili.

"Ni sikukuu, Dada," alijitetea kabla sijafungua mdomo. "Mtu hawezi kumtonesha baba yake siku ya Juhannus."

Ijumaa, 27 Juni

Tumefua mazulia. Ni yale ya Mama, aliyoyafuma kwa vitambaa vya nguo zetu kuukuu. Nilisugua kwa brashi na sabuni ya msonobari, Baba akashika ncha nyingine tukakamua. Alikuwa akipitisha gumba kwenye nyuzi na kutaja. "Hii ni suruali yangu ya jeshini. Hii gauni lako la kipaimara, ulilolichukia. Hii pazia la jikoni." Hakukosea hata moja, na muda wote uso ulikuwa umeelekea ng'ambo.

Ninaandika: kumbukumbu yake ni nzima kuliko yangu. Gauni lile nilikuwa nimelisahau.

Jumamosi, 28 Juni

Sauna. Ilpo: "Hapakuwa na nafasi."

Alhamisi, 3 Julai

Joto. Maji nyuzi kumi na tisa. Baba amelisalimia koti la mvua lililotundikwa kwenye mlango wa choo. "Jambo, Ilpo. Umekuja katikati ya wiki?" Kisha akajitia anatafuta shoka. Nimeandika yote kama yalivyo.

Jumamosi, 5 Julai

Sauna. Walizungumza habari za mabomba. Nimeacha kuuliza, siku hizi ninamtazama tu Ilpo anapotoka, naye anatikisa kichwa.

Ijumaa, 11 Julai

Tumekwenda kutoa nyavu, mimi nikipiga makasia. Mimi siyajui haya maji, miamba imejificha chini ya uso. Baba alikaa nyuma ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Kulia kidogo. Tena. Sasa umepita."

"Umejuaje nimepita?"

"Maji yamebadilika sauti. Hukusikia?"

Sikusikia kitu. Tulipata sangara wadogo saba. Aliwatoa nyavuni kwa vidole, mmoja mmoja, bila kuchomwa na miiba. Mimi nimechomwa mara tatu.

Jumapili, 13 Julai

Siku arobaini na nane zimebaki. Nimesoma nilichoandika tangu Juni na nimeona kasoro. Nusu ya ushahidi unasema amepotea, nusu unasema ni mzima kuliko sisi. Jaji yeyote angenirudishia karatasi hizi.

Jumatano, 16 Julai

Mvua. Tumecheza karata. Ameomba tucheze kwa kutaja karata kwa sauti, "ili upunguze wizi". Ameshinda.

Jumanne, 22 Julai

Leo nimefanya jambo nisilojivunia. Kila asubuhi Baba hukaa barazani na gazeti nusu saa nzima. Leo nilimpa la wiki iliyopita. Alilifungua, akapindua kurasa moja moja kwa mpangilio, akalikunja.

"Kuna jipya?" niliuliza.

"Watu wale wale," alisema.

Ni gazeti lile lile alilolisoma Jumanne iliyopita akanipa jibu hilo hilo. Nimeandika: amesahau. Kisha nilikwenda kuchota maji, nikasimama na ndoo mpaka mikono ikauma. Nilijisikia mchafu. Huko mahakamani niliwahi kuandika habari za watu waliowatega wazee wao, nami nilikuwa na maoni yangu kuhusu watu hao.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwambia Ilpo habari ya gazeti. Alitegemea ngazi ya baraza na kusema "kumbe" mara tatu. Nilidhani angefurahi kupata ushahidi. Hakufurahi.

"Basi leo lazima niseme," alisema.

"Jikaze."

Alijikaza saa moja na robo. Walizungumza habari za injini.

Ijumaa, 1 Agosti

Maji nyuzi ishirini na mbili. Mbu wamepungua. Nimeogelea hadi mwamba wa kwanza na kurudi, sijafanya hivyo tangu nina miaka kumi na sita. Baba alikuwa gatini akiniita jina kila baada ya muda, nami nikawa naitikia. Nilidhani ananifanyia mzaha kama mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Matunda-mwitu ya buluu yameiva. Marjut ameoka mkate wake, meno ya kila mtu meusi. Sauna. Ilpo ametikisa kichwa kabla hajafika mlangoni.

Jumatano, 13 Agosti

Nimegundua sikumbuki siku ngapi zimebaki. Nimelazimika kuhesabu upya. Kumi na saba.

Jumanne, 19 Agosti

Niandike leo polepole.

Baba aliondoka saa mbili asubuhi na kapu, kisu mkandani. Uyoga wa manjano umetoka, mvua za wiki iliyopita zimeuita. Sikumfuata. Kwetu mtu hafuatwi akienda kuchuma uyoga. Kila mmoja ana mahali pake, hapataji hata kwa mwanawe, na wapo waliokwenda napo kaburini. Mama aliishi na Baba miaka sitini bila kupajua, naye pia alikuwa na pake.

Alirudi saa tano, kapu limejaa mpaka ukingoni. Alikaa barazani akausafisha kwa kisu, akipuliza takataka, akipiga mluzi. Nikamuuliza kama nimsaidie. "Weka meza," alisema. Na hilo pia ni la kwetu: kapu la mtu halikaguliwi. Kuinama juu ya kapu la mtu mzima na kupekua ni kama kumwambia arudi chekechea. Sijawahi kumwona yeyote akifanya hivyo, si kwa baba yake.

Alikaanga mwenyewe kwa siagi na vitunguu. Akatia krimu. Nikakata mkate mweusi, nikaweka sahani mbili. Alipakua, yake na yangu. Nikaja kuchukua kikaango nikiweke kando, na ndani yake, kati ya ule wa manjano ulio kama kiini cha yai, nikaona uyoga wa rangi ya kutu, wenye kofia iliyochongoka. Mmoja mzima na kipande cha mwingine.

Huo hapa kila mtoto anaujua. Mama alitukaririsha. Hauna ladha mbaya, hauna harufu mbaya, na hauumi tumbo siku ile. Wiki moja au mbili baadaye figo zinasimama.

Najua ninachotakiwa kuandika hapa, kwamba nilisema mara moja. Sikusema. Nilirudi nikaketi. Nilishika uma. Nilikuwa nafikiria namna ya kulisema bila kulisema, na kila sentensi niliyoitunga ilikuwa inamwambia: wewe si mtu wa kuaminiwa tena. Baba alikuwa ameinamia sahani yake anavuta pumzi ya mvuke, amefurahi. Zilipita labda sekunde kumi. Katika sekunde hizo nilikuwa nimechoma kipande kwenye uma.

Alipoinua uma wake nikasimama. "Ngoja nikuongezee krimu," nikasema, nikachukua sahani yake, nikaiachia sakafuni. Nikachukua kikaango nacho kikaenda.

Baba alikaa na uma mkononi.

"Nini hicho?"

"Sahani. Imeniponyoka. Na kikaango."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Na sahani yako?"

Nikaisukuma kwa kiwiko. "Hiyo pia."

Hakufoka. Nilitamani afoke. Alipiga magoti, taratibu, akaanza kuokota kwenye krimu, anapapasa upande wa chini wa kila uyoga kwa gumba lake. Akaupata. Aliuleta usoni, karibu na sikio, akageuza kichwa kama kuku anayetazama punje.

"Mingapi?" aliuliza.

"Nimeona miwili."

Akarudi kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa inachuruzika krimu naye hakuipangusa.

"Tangu uzaliwe hujadondosha hata kijiko," alisema. Kisha akaniambia. Katikati ya macho yake hakuna kitu, ni ukungu wa kijivu, umekuwa ukikua kwa miaka minne. Pembeni anaona. Daktari alimwambia mapema kwamba hauna dawa, na umeongezeka sana mwaka huu. Gazeti ni la kushika tu mkononi, na kidole kikombeni ni cha kujua kahawa imefika wapi. Mtu asipoongea hamjui, ndiyo maana alimpita Ilpo. Chumvi na sukari Marjut anaviweka kwenye mikebe inayofanana, naye aliona aibu kuuliza, akainywa.

"Kwa nini hukusema?"

"Mngenizuia kupiga makasia."

"Tulidhani akili yako inakwenda!"

"Najua. Niliwaacha mdhani. Mtu akisahau, watu humvumilia kidogo. Asiyeona hunyang'anywa kila kitu siku hiyo hiyo."

Uso wake ulikuwa umeelekea kabatini. Nikamuuliza anatazama nini muda wote anapoongea nami.

"Wewe," alisema. "Mtu nikimtazama usoni anatoweka. Lazima nitazame kando yake ndipo nimwone. Nikiwa naangalia sikio lako naiona pua. Una pua ya mama yangu, sijui kama uliwahi kuambiwa."

Miaka mitatu nilidhani anakwepa kunitazama.

Nilichukua ndoo na kitambaa nikafuta sakafu, na nikalia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Baba aliniacha nilie. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Ungekula?"

"Kama nisingeuona, ningekula. Majira yote nimekula kila ulichonipa."

"Hilo silo nililouliza. Uliuona. Nilisikia uma wako ukigusa sahani."

Nilikamua kitambaa ndooni. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimejibu.

"Hilo ndilo linalonitisha," alisema. "Si macho."

Jumatano, 20 Agosti

Nimechemsha kikaango mara tatu. Uyoga wote nimeufukia nyuma ya choo. Baba ameniomba nisimwambie Ilpo. "Nitamwambia mwenyewe. Jumamosi. Saunani."

Jumamosi, 23 Agosti

Saa moja na nusu. Ilpo alitoka akatikisa kichwa. Baba alitoka nyuma yake.

"Umemwambia?" nilimnong'oneza.

"Hapakuwa na nafasi," alisema Baba.

Jumanne, 26 Agosti

Asubuhi ukungu ulilala juu ya ziwa mpaka saa tatu. Maji nyuzi kumi na sita. Ulipoinuka Baba alivaa buti, akachukua kapu, akasimama mlangoni.

"Vaa viatu," aliniambia.

"Tunakwenda wapi?"

"Mahali pangu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Tulipita nyuma ya sauna, tukavuka kijito, tukapanda mteremko wenye misonobari ambao nimeutazama kutoka dirisha la jikoni tangu nizaliwe. Alitembea mbele, mkono ukigusa mashina. Kwenye jiwe lililopasuka akakata kushoto, hatua arobaini, akasimama.

"Hapa. Mpaka kwenye ule mti ulioanguka. Juu ya ukoka usikanyage, chini yake ndipo unapoanzia."

Ulikuwa umetapakaa kila mahali, wa manjano, kwenye kivuli. Mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka jikoni. Utoto wetu wote tulifikiri anakwenda mbali.

Nilichuma, yeye akashika kapu. Nilipomaliza alinyoosha kapu mbele yangu.

"Kagua," alisema.

Nilikagua kila mmoja mbele yake, kichwa kimeinama juu ya kapu. Yeye alisimama wima.

Tulipokuwa tunateremka ndipo ikanipiga. Mtu wa huku hamwonyeshi yeyote mahali pake pa uyoga ikiwa ana nia ya kurudi. Nilisimama. Yeye aliendelea kutembea, anahesabu mashina. Tangu hapo nimekuwa na hofu kubwa, na si ya macho yake.

Alhamisi, 28 Agosti

Amepaka lami chini ya mashua. Kwa kawaida huipaka Mei.

Ijumaa, 29 Agosti

Amekunja nyavu, amezifunga kwa kamba, amezipa fundo ambalo halifunguki bila kisu. Sikusema kitu. Na mimi ni wa ukoo huu.

Jumamosi, 30 Agosti

Ilpo na Marjut walifika saa tano. Marjut aliweka keki, tukakaa mezani. Ilpo aliliangalia daftari langu, akaangalia dari.

"Tuingie kwanza saunani," alisema.

"Hatuingii," alisema Baba. "Aila, soma."

"Nisome nini?"

"Hilo unaloandika tangu Juni. Nasikia kalamu yako kila jioni. Mimi siwezi kulisoma, basi nisomee."

Ilpo alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Baba, hilo ni..."

"Najua ni nini. Soma, Aila. Usiruke."

Nilisoma. Nilisoma kwa sauti ile ile niliyosomea mashahidi, kuanzia mbu hadi mafundo ya nyavu. Sikuruka kidole ndani ya kikombe, wala koti la mvua, wala mtego wa gazeti. Habari ya hospitali ilinishinda katikati nikanywa maji, kisha nikaimaliza. Nilipofika kwenye sahani mbili na kikaango Marjut alijiziba mdomo kwa kitambaa. Ilichukua dakika hamsini na keki haikuguswa.

"Sangara walikuwa wanane," alisema Baba. "Wewe umeandika saba. Mmoja alirudi majini."

Ilpo alikuwa analia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na mitano. "Mimi nilisema ni akili!"

"Akili ninayo. Nimekaa saunani na wewe Jumamosi kumi na moja nikisubiri useme. Kila mara nilikuongezea mvuke ujikaze. Siku ya Juhannus nusura niungue mimi."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Wewe ndiye uliyekuwa na neno la kusema."

Marjut aliinua mikono juu. "Mungu wangu. Ninyi watu!"

Baba aliweka viganja mezani. "Sasa nasema. Kila kilichoandikwa ni kweli. Ziwa halijaniangusha, huko majini niko salama kuliko Ilpo kwenye lifti zake. Lakini nimempakulia binti yangu sumu, naye akachukua uma. Sitaki kuwa mtu ambaye watoto wake wanakula sumu kwa adabu. Fungeni nyumba. Mashua iko tayari."

Hicho ndicho Ilpo alichokuwa anakitaka, na mimi pia, tangu tarehe tisa Juni, siku themanini na mbili. Ilpo alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri hukumu isomwe. Basi nikasikia mtu anasema hapana, na mtu huyo alikuwa mimi.

"Hapana nini?" aliuliza Baba.

"Haifungwi. Mwezi Mei nakuja mimi. Nakaa mpaka Septemba. Nyumba itakuwa yangu msimu huo, meza yangu, jiko langu. Kapu lolote likiingia mlangoni nalikagua, liwe lako au la askofu."

"Wewe hulipendi ziwa hili."

"Silipendi. Na wewe ukipenda, njoo unitembelee. Utakuwa mgeni."

"Mgeni," alirudia. Alilitafuna neno hilo. Maisha yake yote hajawahi kuwa mgeni hapa, nami nilikuwa namwomba jambo zito kuliko alilokuwa ameliamua mwenyewe.

"Mgeni hamimini kahawa," alisema.

"Hamimini."

"Anapewa tu."

"Anapewa tu."

"Na itakuwa ile yako? Maji ya kusuuzia vikombe?"

"Ile ile."

Ilpo alishusha pumzi, Marjut akamkanyaga mguu anyamaze. Nje ndege mzamaji alilia mara moja, akaacha. Baba alisukuma kikombe chake kuelekea kwangu, taratibu, bila kutumbukiza kidole, mpaka kikagusa mkono wangu.

"Nitakunywa," alisema.